Kunguru Hapigwi kwa Mbali
Shauri kwa wakulima wa pwani walio na bunduki ya marisau

Hakuna mkulima wa pwani asiyemjua kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu. Ndiye mwizi wa mayai na mla vifaranga, ndiye aharibuye mahindi na mtama shambani, na ndiye atoboaye papai kabla mwenyewe hajalionja. Ndege huyu si mwenyeji wa nchi hizi. Asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani zake. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na tangu hapo ameenea katika miji na vijiji vya mwambao. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ilipofika mwaka 2024, Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuondoa kunguru milioni moja. Basi mkulima amlalamikiaye kunguru halalamiki bure, wala hatuna haja ya kumthibitishia mtu kwamba ndege huyu ni adui wa shamba.

Neno letu ni jingine. Wako wakulima walio na bunduki ya marisau kwa kibali cha serikali, wengine huiita shotigani, na baadhi yao wamezoea kumlenga kunguru aliye mbali sana: yule aliyetua kilele cha mnazi wa mpakani, au yule apitaye juu angani, yadi 60 au 70 kutoka aliposimama mpigaji. Bunduki ikilia, kunguru huyumba kidogo, manyoya mawili matatu hudondoka, na mpigaji hufurahi akisema, "Nimempata." Sisi twasema hakumpata. Tena twasema kwamba kupiga kwa mbali ni hasara ya fedha, ni mateso yasiyo na faida, ni hatari kwa jirani, na ni kumfundisha kunguru hadhari ambayo jana hakuwa nayo. Tutaeleza sababu moja moja, kisha tutaeleza lifaalo.

HESABU YA PUNJE

Yafaa kwanza mtu aijue kazi ya bunduki yake. Bunduki ya marisau haitoi risasi moja, bali hutoa punje nyingi ndogo ambazo huondoka pamoja na kutawanyika kadiri ziendavyo, kama mbegu zinazotupwa kwa mkono wa mpanzi. Karibu na mtutu punje ni nyingi mahali pamoja. Mbali, huanguka moja hapa na moja kule.

Tutwae kiasi cha kawaida cha bunduki namba 12, yaani ganda lenye baruti na gramu 28 za marisau namba 6 kwa hesabu ya Kiingereza. Ndani yake mna punje 270 hivi. Mafundi wa bunduki huipima kazi yake kwa duara lenye upana wa inchi 30, yaani sentimita 76. Bunduki ambayo mdomo wa mtutu wake haukubanwa hutia ndani ya duara hilo punje 60 katika kila 100, ikiwa shabaha iko yadi 30. Ikiwa shabaha iko yadi 40, hutia punje 40 katika kila 100. Ikiwa iko yadi 60, hutia punje 18 tu. Zilizosalia zote zimekwenda nje.

Sasa mtazame kunguru mwenyewe. Akikunjua mabawa huonekana ndege mkubwa, maana toka ncha ya bawa moja hata ncha ya bawa la pili ni sentimita 80 hivi. Lakini mweke katika mzani, utaona uzito wake ni gramu 300 hivi tu. Sehemu kubwa ya huyo umwonaye angani ni manyoya matupu. Mahali ambapo punje ikiingia itamwua, yaani kifua, shingo na kichwa, hapazidi kiganja cha mtu mzima bila kuhesabu vidole. Na duara lile la inchi 30 lina nafasi ya viganja 57 hivi.

Basi na tufanye hesabu. Kwa yadi 30, punje zilizo ndani ya duara ni 162; ukizigawa kwa viganja 57, kila kiganja hupata karibu punje tatu. Kwa yadi 40, punje ni 108, na kila kiganja hupata karibu mbili. Kwa yadi 60, punje ni 49, wala hazitoshi kukipa kila kiganja hata moja. Na hesabu hii ni ya mpigaji asiyekosea kabisa, ambaye kunguru yu katikati ya duara. Tena punje hazijipangi sawasawa kama miche kitaluni. Huweza kusongamana upande mmoja na kuacha upande mwingine pengo la kupita ndege mzima.

Mtu aweza kusema, "Bunduki yangu imebanwa mdomo, nayo hupiga mbali." Ni kweli kwamba mtutu uliobanwa barabara hukusanya punje vizuri zaidi. Kwa yadi 40 hutia ndani ya duara punje 70 katika kila 100, na kwa yadi 60 hutia 32. Hesabu hiyo kwa yadi 60 ni punje moja na nusu kwa kila kiganja. Ni afadhali kuliko ile ya kwanza, walakini haitoshi, kwa kuwa punje ifikayo yadi 60 si punje ile iliyotoka mtutuni. Njiani upepo umeizuia hata imepoteza zaidi ya nusu ya mwendo wake, na kitu kikipoteza nusu ya mwendo hubakiwa na robo tu ya nguvu. Punje namna hiyo huweza kuvunja mfupa wa bawa au kuingia tumboni kidogo. Kumwangusha ndege papo hapo ni kwa bahati.

Ndiyo maana kunguru apigwaye kwa mbali huonekana akiyumba kisha akaenda zake. Huyo hakupona. Huenda akatua katika vichaka akakaa siku kadhaa na bawa lililovunjika, asiweze kuruka wala kula, mpaka afe au aliwe na paka. Na wewe hukumwona akifa, wala hukupata hesabu yake, wala kifaranga chako hakikurudi. Adui wa shamba huuawa kwa haraka au huachwa, haifai kumtesa.

MWENDO WA NDEGE

Hesabu tuliyoifanya ni ya kunguru aliyetulia. Kunguru arukaye ana hesabu yake tena. Akienda taratibu, hupita mita 10 kwa sekunde moja. Punje huchukua robo ya sekunde hivi kufika yadi 60. Katika muda huo kunguru amekwisha kusogea mita mbili na nusu. Mpigaji atakaye kumpata hana budi kulenga mahali patupu mbele ya ndege, marefu kuliko mtu aliyelala, na kupakisia barabara huku upepo wa kusi au wa kaskazi ukimsukuma kunguru huku na huku. Kwa yadi 30 punje hufika kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kutimia, na kunguru hajasogea hata mita moja. Kosa la macho lililo dogo kwa karibu huwa kubwa mno kwa mbali. Wapo wapigaji hodari waliojizoeza miaka mingi na kuteketeza viasi vingi hata wakaijua kazi hiyo. Lakini mkulima mwenye viasi kumi kabatini na jembe mkononi hana nafasi ya kujifunza mchezo huo, wala shamba lake halihitaji ajifunze.

KUNGURU HUJIFUNZA

Wazee wamesema kwamba kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wataalamu wa siku hizi wameona kwamba woga huo una akili ndani yake. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Washington kilichoko mji wa Seattle, Marekani, wataalamu walivaa vinyago usoni wakawanasa kunguru wachache wa nchi ile, wakawatia pete miguuni na kuwaachilia. Baadaye kila mtu aliyepita pale na kinyago kile alizomewa na kunguru, naye aliyepita na kinyago kingine aliachwa. Kadiri miaka ilivyopita, waliozomea wakaongezeka, wakiwamo kunguru ambao hawakunaswa hata mara moja. Waliosalimika waliwaonya wenzao, na wazazi waliwaonya watoto.

Kunguru wa Seattle si wa jinsi moja na kunguru wetu wa shingo ya kijivu, lakini ni ndugu, na kila aliyejaribu kumtupia jiwe kunguru wa pwani anajua kwamba mara ya pili humruka mapema. Basi fikiri maana ya risasi iliyokosa. Kundi zima limeuona mwili wako, limeiona bunduki, limeusikia mlio, na hakuna aliyekufa. Wamejifunza umbali ulio salama kwao. Kesho watatua yadi kumi zaidi kutoka ulipo, nawe utanyosha bunduki mbali zaidi, ukakosa tena. Mpigaji wa namna hiyo huharibu hata nafasi ya jirani yake mvumilivu ambaye angaliweza kumpata kunguru kwa karibu.

JIRANI NA SHERIA

Punje isiyompata kunguru haipotei angani, huanguka mahali. Marisau namba 6 huweza kwenda zaidi ya yadi 200 kabla ya kuanguka, na marisau makubwa zaidi huenda mbali zaidi. Mtu apigaye kunguru wa mbali kwa kawaida hupiga chini chini, juu ya miti ya mpakani, na ng'ambo ya miti hiyo mna nini? Katika vijiji vyetu mna nyumba ya jirani, mna njia ya kisimani, mna watoto wanaookota maembe. Punje moja ikimpata mtoto jichoni, hakuna mahindi yatakayolipa. Kanuni yetu ni kwamba mtu asifyatue bunduki ya marisau kuelekea upande ambao hajui kwa hakika kwamba hauna mtu kwa yadi 300.

Tena punje nyingi ni za risasi ya kawaida, ambayo ni sumu. Bata na kuku wakizidonoa penye matope huweza kudhurika. Kwa hiyo usipige juu ya bwawa au mahali wanapochokora kuku.

Na sheria iheshimiwe. Kibali cha kuwa na bunduki si kibali cha kupiga kila kiumbe mahali popote. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na nchi nyingine zina amri zake. Kabla ya kumpiga hata kunguru mmoja, nenda kwa afisa wa wanyamapori au wa kilimo wa mahali pako, umweleze hasara yako, nawe upate ruhusa. Pia mjue vema umpigaye. Kunguru mwenye kifua cheupe na shingo nyeupe ni mwenyeji wa nchi yetu, na yule mgeni amekwisha kumsukuma kando katika miji mingi. Kwa mbali, jua likiwa machoni, wawili hao hawatambulikani upesi. Nayo ni sababu nyingine ya kutopiga kwa mbali.

WASEMAO KINYUME

Wako wasemao, "Hata kunguru asipokufa, mlio wa bunduki utamfukuza." Ni kweli, utamfukuza kwa muda wa kuvuta kiko kimoja. Kunguru hupima faida na hatari. Akiona mlio haumdhuru na chakula kipo, hurudi. Kelele ya debe apigayo mtoto hufanya kazi iyo hiyo bila gharama, nayo pia haidumu.

Wengine husema, "Kunguru haji karibu, nikingoja karibu sitampiga kamwe." Jambo hili lina ukweli, na jibu lake ni kwamba mpigaji ndiye anayepaswa kujificha. Wawindaji wa Marekani, ambako kunguru huwindwa kwa msimu uliowekwa na sheria, wengi wao hawamwandami kunguru huku na huku. Hujificha vizuri, huweka sanamu za kunguru, huigiza mlio wake, na kumngoja aje mwenyewe. Sisi tuna jambo jepesi kuliko hilo. Kunguru wa pwani hulala pamoja kwa mamia katika miti michache, huondoka alfajiri kwenda kula na kurudi jioni, nao hushika njia ile ile. Jenga kificho kidogo cha makuti chini ya njia hiyo, mbali na nyumba, ukakikalie kimya kabla ya mapambazuko. Watapita juu yako kwa yadi 25 au 30 bila kukuona. Kiasi kimoja hapo kina faida kuliko viasi kumi barazani. Piga mara chache, kisha uache siku kadhaa, wasije wakaibadili njia.

LIFAALO ZAIDI

Hata hivyo hatupendi mkulima adhani kwamba bunduki, hata ikipigwa kwa karibu, ndiyo dawa ya kunguru. Kunguru wapo wengi kwa sababu chakula ni kingi, na chakula hicho twawapa sisi wenyewe. Jike hutaga mayai matatu hata matano; palipo na taka tele, watoto wengi hukua na kuijaza nafasi ya wale waliouawa. Kwa hiyo twashauri haya, kwa utaratibu huu:

1. Fukia taka za jikoni, matumbo ya samaki na mabaki ya machinjoni, au yafunike. Kijiji kilicho na jaa wazi kinafuga kunguru, hata kikiwa na bunduki ngapi. Kazi hii haifai kufanywa na mtu mmoja. Wazee wa kijiji na wapelekwe shauri.

2. Weka kuku mwenye vifaranga ndani ya tenga au banda lililofunikwa kwa wavu mpaka vifaranga vikue. Jiulize viasi unavyopiga kwa mwaka vina thamani gani, kisha uulize bei ya wavu. Wavu hukaa miaka, na haukosi shabaha.

3. Wakati wa kujenga viota, tazama kunguru wabebao vijiti na vipande vya nyaya. Waijua miembe wanayojenga. Ondoa viota pamoja na mayai, urudie, kwa kuwa watajenga tena. Apandaye awe mtu mzima mwangalifu, maana kunguru humshambulia amkaribiaye mtoto wao.

4. Mitego mikubwa ya vizimba imetumika katika miji ya pwani. Wakulima kumi waweza kushirikiana kuwa na kimoja, kwa ruhusa na maelekezo ya maafisa. Ndege wengine wakiingia, waachiliwe.

5. Usitege sumu. Dawa itumiwayo na serikali kwa kunguru huwekwa na watu waliofunzwa. Dawa ya wadudu wa shambani ikitiwa katika nyama huua mbwa, mwewe na kuku, na yaweza kumwua mtoto.

6. Baada ya hayo yote, ikiwa una ruhusa na bunduki, ndipo upige, nawe upige kwa karibu.

JARIBU BUNDUKI YAKO

Asiyeamini hesabu yetu na aijaribu mwenyewe, mahali palipo na kingo ya udongo nyuma na pasipopita watu. Twaa karatasi kubwa, hata kama ni magazeti yaliyogundishwa pamoja, uiwambe juu ya miti miwili. Pima yadi 30 kwa kamba, upige mara moja katikati. Badili karatasi, upime yadi 40, upige tena. Badili tena, upige kwa yadi 60. Kisha katika kila karatasi chora duara la inchi 30 mahali palipo na matundu mengi, uhesabu matundu. Mwisho, tandaza kiganja chako juu ya duara mahali mbalimbali, uone ni mara ngapi kiganja hakikufunika hata tundu moja.

Viasi vitatu vitapotea katika jaribio hilo, lakini utakuwa umejua mpaka wa bunduki yako, na kila bunduki ina mpaka wake. Kwa bunduki nyingi za wakulima mpaka huo ni yadi 35, au 40 ikiwa mtutu umebanwa. Ukiisha kuujua, pima hatua toka kificho chako hata mti fulani na jiwe fulani, ili kunguru akipita nje ya alama hizo uiache bunduki magotini.

Kuiacha magotini ndiko kugumu, maana mkulima aliyepoteza vifaranga sita asubuhi ana hasira, na hasira hupenda kusikia mlio. Twamwelewa. Lakini mlio huo hulipwa kwa fedha ya kiasi, kwa kunguru aliyejeruhiwa kichakani, na kwa hatari ya mtoto wa jirani. Fedha hiyo na itumike kununua wavu, nguvu hiyo na itumike kufukia jaa, na kunguru aliye mbali aachwe apite.